Bahasha ya Kura ya Zimamoto Imefika: Jinsi ya Kuisoma, Kuipigia Hesabu na Kuijibu

Usiku mama mkwe alipobanwa na kifua tulipiga 911 tukisubiri gari la wagonjwa. Lililotangulia kusimama mbele ya nyumba lilikuwa gari jekundu la zimamoto, refu, lenye ngazi na mipira ya maji. Mama aliliona dirishani akauliza kwa sauti ndogo, "Nyumba ya nani inaungua?" Wakaingia wanaume watatu na dada mmoja na mabuti yao. Mmoja akapiga magoti kwenye zulia akimbandika nyaya kifuani, mwingine akashika simu iliyokuwa na mkalimani wa Kiswahili upande wa pili. Mama akajibu kila swali kwa lugha yake. Wahudumu wa Medic One, wale wenye mafunzo makubwa zaidi, wakafika dakika chache baadaye.

Miezi ikapita, ikaja bahasha ya kura, na ndani yake swali moja tu: kodi ya zimamoto ipandishwe au isipandishwe. Nililisoma swali lile mara tatu pale kwenye meza ya jikoni bila kulishika. Jirani yangu, ndugu kutoka Bukavu, alikuwa ameshaitupa yake pamoja na vipeperushi vya matangazo. Nilimwomba akaitoe kwenye pipa, tukaketi kuisoma pamoja. Ninayoandika hapa ni yale tuliyojifunza siku ile na katika kura zilizofuata. Yanahusu jimbo la Washington, na mifano mingi ni ya King County, ambako Waswahili wengi tumeweka makazi: Kent, SeaTac, Tukwila, Renton, Federal Way. Ukiwa jimbo jingine, njia ya kufikiri inafanana lakini sheria ni nyingine, kwa hiyo usizibebe namba za hapa ukazitumia huko.

Kabla ya yote: kwa nini wanakuuliza wewe

Tuliolelewa Afrika Mashariki tunachanganyikiwa mapema kabisa, kwenye neno lenyewe. Ukisema "kodi ya nyumba" Dar es Salaam, watu wanaelewa ile unayompa mwenye nyumba kila mwezi. Hapa nazungumzia kodi ya majengo, anayolipa mwenye nyumba kwa serikali. Tanzania, kodi hiyo tangu 2021 inakatwa unaponunua umeme wa LUKU, na Zimamoto na Uokoaji ni jeshi lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kenya, Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto. Kote kuwili, hakuna anayekutumia barua kukuuliza kama unakubali kulipa zaidi ili kituo cha karibu na kwako kiongeze watu wa zamu ya usiku.

Washington unaulizwa. Seattle ina idara yake ya zimamoto ndani ya bajeti ya jiji, lakini sehemu nyingi nje ya miji mikubwa zimamoto ni wilaya inayojitegemea, yenye makamishna waliochaguliwa na wakazi, na inayoishi hasa kwa kodi ya majengo. Pengine miji na wilaya zimeungana na kuunda mamlaka moja. Kent, kwa mfano, inahudumiwa na Puget Sound Regional Fire Authority.

Vyombo hivi vinarudi kwa wapigakura kila baada ya miaka michache kwa sababu ya asilimia 1. Mwaka 2001 wapigakura wa Washington walipitisha sheria kwamba jumla ya kodi ya kawaida ya majengo ambayo wilaya inakusanya isiongezeke zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka, ukiacha kodi inayotokana na majengo mapya. Mahakama ya Juu ya jimbo iliifuta sheria hiyo mwaka 2007, na mwaka huohuo Bunge la jimbo likairudisha. Mishahara, bima za afya na mafuta haviongezeki kwa asilimia 1. Gari jipya la zimamoto siku hizi linapita dola milioni 1. Kila mwaka pengo linapanuka kidogo, na njia ya kuliziba iliyobaki ni kuja kwako na kukuomba.

Hapa kuna kosa ninalolisikia kwenye kila kikao cha Waswahili: "Nyumba zimepanda bei mara mbili, basi na wao wanachota mara mbili." Sivyo. Fikiria bajeti ya harusi. Kamati imeshapanga kwamba inahitaji milioni 10, na kila mmoja anachangia kulingana na mshahara wake. Mishahara ya wote ikipanda, kamati haipati milioni 20. Kinachoshuka ni kiasi anachotoa mtu kwa kila elfu moja ya mshahara wake. Zimamoto ni vivyo hivyo. Thamani za nyumba zikipanda, kiwango kwa kila dola 1,000 kinashuka. Ndiyo maana wilaya iliyopitishiwa dola 1.50 inaweza kujikuta baada ya miaka michache inatoza dola 1.10 bila mtu yeyote kuipunguzia. Na bili yako ikipanda sana kuliko ya wengine, mara nyingi ni kwa sababu nyumba yako imepanda thamani kuliko za wenzako.

Hatua ya 1: Hakikisha una haki ya kupiga kura

Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu limewaumiza watu wetu. Kura hii ni ya raia wa Marekani peke yao, mwenye miaka 18, aliye mkazi wa Washington. Kulipa kodi ya majengo hakukupi kura. Kadi ya kijani haikupi kura. Kuwa mkimbizi aliyepokelewa rasmi hakukupi kura. Kama si raia na bahasha imekufikia kwa jina lako, labda ulipochukua leseni ya udereva ulitia alama kwenye kisanduku usichokielewa. Usiijaze. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji, kisha iandikie ofisi ya uchaguzi ya kaunti wakuondoe kwenye daftari. Kura moja iliyopigwa bila haki inaweza kuharibu maombi ya uraia uliyoyangoja miaka.

Ukishaapishwa kuwa raia, jiandikishe. Kwa mtandao au posta ni hadi siku 8 kabla ya uchaguzi. Ukienda mwenyewe kwenye kituo cha uchaguzi, hadi saa 2 usiku ya siku yenyewe. Mpangaji naye anapiga kura hii, na inamhusu: mwenye nyumba akipandishiwa kodi ya majengo atalitafuta hilo ongezeko kwenye pango lako, na moto ukiwaka kwenye jengo la ghorofa unapita mlango hadi mlango.

Hatua ya 2: Jua ni swali la aina gani

Maneno "zimamoto" na "dharura" yanaweza kubeba maombi manne yasiyofanana. Soma aya ile fupi kwenye karatasi ya kura, kisha kijitabu cha wapigakura kinachokuja kwa posta au kilichopo kwenye tovuti ya kaunti. Ndani yake kuna maelezo ya kisheria, na mara nyingi hoja za wanaounga mkono na wanaopinga zimewekwa ubavuni kwa ubavu. Soma zote mbili, hasa ya upande usioupenda.

La kwanza, ambalo ndilo utakutana nalo mara nyingi, linachapishwa kwa jina la *levy lid lift*. Ni kuinua kifuniko. Ile asilimia 1 ni kifuniko cha sufuria, na wilaya inaomba ruhusa ya kukifunua mara moja, au kwa miaka kadhaa isiyozidi 6, ili irudishe kiwango chake juu. Kwa wilaya ya zimamoto sheria inaweka dari ya dola 1.50 kwa kila dola 1,000 za thamani. Linapita kwa wingi wa kawaida: zaidi ya nusu.

La pili ni kodi ya huduma za dharura za kiafya, inayofupishwa EMS, ambayo dari yake ni senti 50 kwa kila dola 1,000. Inapoombwa kwa mara ya kwanza inahitaji asilimia 60. King County ina ya kwake inayohudumia kaunti nzima, iliyopitishwa mara ya kwanza mwaka 1979, miaka 9 baada ya Dkt. Leonard Cobb wa hospitali ya Harborview na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery kuanzisha Medic One jijini Seattle. Kwa miaka 2020 hadi 2025 ilianzia senti 26.5, Novemba 2025 wapigakura walipitisha nyingine ya senti 25 kuanzia 2026. Watu huchanganya hii na ile ya wilaya yao na kusema, "Si tulishaipitisha mwaka jana?" Ni mistari miwili tofauti kwenye bili moja. Ukipiga 911 kwa ajili ya kifua, wa kwanza kufika analipwa zaidi na wilaya yako, na wa pili, yule wa Medic One, na kaunti.

La tatu ni ada ya manufaa. Hii haiangalii bei ya nyumba bali ukubwa na aina ya jengo, kwa hoja kwamba ghala kubwa linahitaji maji na watu wengi kuliko nyumba ya vyumba vitatu. Wilaya ikiitumia, dari ya kodi yake inashuka kutoka dola 1.50 hadi dola 1. Mara ya kwanza inahitaji asilimia 60.

La nne ni hatifungani, yaani mkopo wa kujenga kituo au kununua magari, unaolipwa kwa kodi ya ziada hadi deni liishe. Hapa inatakiwa asilimia 60, na waliopiga kura wafikie angalau asilimia 40 ya idadi iliyopiga kura kwenye uchaguzi mkuu uliotangulia. Kwa hiyo hata asiyerudisha karatasi anaathiri matokeo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nyumba yako

Chukua taarifa ya kodi inayokuja Februari kutoka kwa mweka hazina wa kaunti. Kama benki inakulipia kupitia akaunti ya eskro, yaani pesa ya kodi inayokusanywa pamoja na malipo ya mkopo wa nyumba, huenda hujawahi kuiona. Ingia kwenye tovuti ya kaunti, andika anwani yako, itatokea. Tafuta thamani iliyokadiriwa. Washington inakadiria kwa asilimia 100 ya bei ya soko na kila mwaka, kwa hiyo hakuna kugawanya wala kukata asilimia kama majimbo mengine.

Kisha tafuta viwango viwili: cha sasa na kinachoombwa. Karatasi ya kura inataja kinachoombwa tu, na hapo ndipo wengi wanaposhtuka bure. Tuseme nyumba imekadiriwa dola 550,000, wilaya sasa inatoza dola 1.05, na inaomba 1.30.

Gawanya thamani kwa 1,000: unapata 550.
Zidisha kwa 1.30: dola 715 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bili nzima ya zimamoto, siyo ongezeko.
Zidisha 550 kwa 1.05: dola 577.50. Hiyo ungelipa hata swali lisingekuwepo.
Tofauti ni dola 137.50 kwa mwaka, kama dola 11 na senti 46 kwa mwezi.

Jirani yangu aliposoma 1.30 alidhani ni nyongeza, akapata 715, akasema hapana kabla ya kukaa. Tulipoiandika hesabu nyuma ya bahasha, akanyamaza, akaichukua kalamu na kuirudia mwenyewe kwa thamani ya nyumba yake. Bado alikuwa na wasiwasi, na alikuwa na haki ya kuwa nao, maana dola 11 kwa familia ya watoto sita si kitu cha kupuuza. Lakini sasa alikuwa anabishana na namba ya kweli. Ofisi ya mthamini wa King County ina chombo mtandaoni kinachokufanyia hesabu hii kwa anwani yako. Hata hivyo ifanye kwa mkono mara moja, utaielewa maisha yako yote.

Usiishie mwaka wa kwanza. Swali likiwa la miaka mingi, litataja ni kwa kiasi gani kodi inaruhusiwa kukua mwaka wa pili hadi wa mwisho: kwa mfumuko wa bei, au kwa asilimia fulani. Tafuta pia kama kiasi kitakachofikiwa mwishoni kitatumika kuwa msingi wa kukokotoa kodi za miaka inayofuata. Kama ndivyo, ongezeko ni la kudumu. Kama sivyo, muda ukiisha kodi inarudi karibu na pale ambapo ingekuwa. Mimi binafsi kwa la kudumu huwa nataka maelezo mengi zaidi kuliko kwa la miaka sita.

Hatua ya 4: Uliza pesa inakwenda kufanya nini

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Vikao vya makamishna viko wazi kwa umma. Mwenyeji yeyote anaingia na kupewa dakika zake za kusema. Nenda, au waandikie. Mimi huuliza haya:

Asilimia ngapi ya miito yenu ni ya kiafya? Karibu kila wilaya jibu ni zaidi ya nusu, na hilo linakuonyesha unanunua nini hasa. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua inapunguza nafasi ya kupona kwa karibu asilimia 7 hadi 10.

Kutoka simu kupokelewa hadi gari kusimama mlangoni kwangu ni dakika ngapi, na miaka mitano iliyopita zilikuwa ngapi? Wakikupa wastani wa wilaya nzima, omba wa kituo chako. Wastani unaficha mengi kwa anayekaa mwisho wa barabara.

Kura ikipita, ni watu wangapi wanaongezwa, kituo gani? Isipopita, ni nini kinakatwa, na lini? Jibu la "huduma zitaathirika" halitoshi. Anayejua bajeti yake atakutajia gari na zamu.

Mna akiba kiasi gani, na mmeitumia vipi? Wilaya yenye akiba kubwa isiyoweza kuieleza mimi nimeipigia hapana, na ningefanya hivyo tena. Ile iliyokwisha kula akiba yake miaka mitatu kuzuia kufunga kituo ni habari nyingine.

Daraja lenu la ulinzi wa moto ni ngapi? Washington kuna chombo kinachopima maeneo kuanzia 1, bora kabisa, hadi 10, na kampuni za bima hulitumia katika kupanga bei ya bima ya nyumba. Daraja likiwa baya zaidi, unachookoa kwenye kodi kinaweza kukutoka kwenye bima. Mpigie wakala wako wa bima umuulize kabla ya kuamua.

Kumbuka kwamba sheria inakataza zimamoto kutumia pesa, magari au muda wa kazi kukushawishi upige ndiyo. Wanaruhusiwa kutoa maelezo. Nje ya saa za kazi, askari wa zimamoto kama raia anaweza kugonga mlango wako na kukuomba kura, na chama chao cha wafanyakazi kinaweza kuchangia kampeni. Nani amechangia upande gani, utaona kwenye rekodi za tume ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni, zilizo wazi kwa kila mtu.

Hatua ya 5: Wakumbuke wazee wa nyumbani

Kama mwenye nyumba ana miaka 61 au zaidi, au ameacha kazi kwa sababu ya ulemavu, na kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa kwa kaunti yake, anaweza kuomba msamaha wa sehemu ya kodi ya majengo, na thamani ya nyumba yake ikagandishwa isipande. Ombi linakwenda kwa mthamini wa kaunti. Kama alistahili miaka ya nyuma na hakujua, anaweza kudai marejesho ya hadi miaka mitatu. Wazee wetu wengi wanaishi kwenye nyumba iliyoandikwa jina la mtoto. Hapo msamaha haupatikani, kwa sababu mwombaji lazima awe mmiliki na mkazi. Likalieni kikao suala hilo kifamilia kabla ya kuandika hati.

Hatua ya 6: Jaza, weka saini, rudisha

Karatasi zinatumwa angalau siku 18 kabla. Paka wino kwenye kisanduku kimoja. Saini iwe nje, kwenye bahasha ya kurudishia, si kwenye karatasi ya kura. Posta hailipiwi stempu, lakini muhuri wa posta lazima usipite siku ya uchaguzi, kwa hiyo ukichelewa peleka kwenye sanduku la kura la mtaani kabla ya saa 2 usiku.

Saini ndiyo inayotuangusha. Wengi wetu tuliweka saini moja kwenye leseni mwaka tuliofika, tukiwa na haraka kaunta, na sasa tunaandika nyingine. Yangu ilikataliwa mwaka mmoja kwa sababu nilikuwa nimefupisha jina la baba. Barua ilikuja, nikajaza fomu, nikairudisha, kura ikahesabiwa. Ukipata barua ya namna hiyo usidhani ni utapeli wala usiogope. Thibitisha namba kwenye tovuti ya kaunti, kisha irudishe kabla matokeo hayajaidhinishwa: siku 10 baada ya uchaguzi maalumu wa Februari au Aprili, 14 baada ya mchujo wa Agosti, 21 baada ya Novemba.

Februari na Aprili ndizo za kuziangalia sana. Karatasi inakuwa na swali moja au mawili, hakuna rais wala gavana, na wanaorudisha kwa kawaida hawafiki nusu. Kura za ukumbi mmoja wa harusi zinaweza kuamua.

Hatua ya 7: Fuatilia hadi Februari inayofuata

Tovuti ya kaunti inakuonyesha bahasha yako ilipokewa lini na kama saini imekubaliwa. Kodi mpya haianzi kesho yake. Inaingia kwenye bili ya mwaka unaofuata, nusu ya kwanza kufikia Aprili 30 na ya pili Oktoba 31. Taarifa ya Februari ikifika, tafuta mstari wa zimamoto uulinganishe na hesabu uliyoandika nyuma ya bahasha. Zikitofautiana sana, mpigie mthamini. Na kama uliahidiwa watu watatu wa zamu ya usiku kwenye kituo chako, kikao cha makamishna cha mwezi huo ni mahali pazuri pa kuuliza kama wameshaajiriwa.